Konokono wa Darasa la Pili

Kicheko kilipenya ukuta tena, na fimbo ya Mwalimu Chati ikakwama kwenye tumbo la tembo. Tembo mwenyewe wa kuchorwa kwenye chati ya ukutani, mkonga umepauka kwa jua la dirishani. Watoto walikuwa wamemwacha peke yake na mnyama wake. Masikio yao yote yalihamia chumba cha pili.

Huko mwalimu mpya, msichana anayekuja kazini na magoti yana udongo, alikuwa ameweka kioo juu ya madawati mawili na kuwaachia konokono watambae. Watoto walijilaza chali chini yake, wakitazama jinsi matumbo ya konokono yanavyosukuma.

Mwalimu Chati aliona wivu. Watoto wa watu angewasamehe. Lakini mjukuu wake, aliyemlea tangu hajaota jino, alikuwa darasa lile. Zamani mtoto hakulala bila kuhadithiwa simba. Siku hizi ni mwalimu mpya asubuhi, mwalimu mpya jioni. Jana mezani alimsahihisha bibi yake mbele ya baba yake: konokono hana vimiguu vilivyofichwa, anatembea kwa tumbo, yeye ameona kwa macho yake. Baba mtu akacheka. Bibi mtu naye akacheka, midomo tu.

Mapumziko yalipofika, akapita jikoni kwa walimu, akachota chumvi kwenye kopo, akaifumbata. Kila mtu anajua chumvi humuua konokono. Darasa la pili lilikuwa tupu. Beseni lilikuwa pembeni, limefunikwa kipande cha chandarua, na ndani konokono walikula majani yao, kila mmoja na doa la rangi mgongoni. Akafunua chandarua.

"Bibi, umekuja kumwona wangu?"

Mjukuu alisimama mlangoni, anahema kwa mbio. Mwalimu Chati akarudisha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo na kusema ndiyo, amekuja kumwona.

"Nilimwambia mwalimu bibi yangu anawajua wanyama wote. Akasema tukuombe uje utufundishe, lakini mimi nikaona haya, kwa sababu ya jana."

Mtoto akamchagua konokono mwenye doa la buluu, akamweka taratibu kwenye kiganja cha kulia cha bibi yake. Miaka yote hiyo ya kufundisha, Mwalimu Chati hakuwahi kumgusa hata mmoja. Alikuwa wa baridi, mzito kidogo, na alikwenda bila haraka hata kufika kwenye ncha za vidole. Hapo akasimama, akanyoosha pembe zake hewani, akitafuta pa kukanyaga.

"Sasa leta mkono wa pili, Bibi. Avukie."

Nyuma ya mgongo, jasho lilikuwa limeanza kuilowesha chumvi.

"Bibi," mtoto akasema, "anasubiri."