Mstari wa Tatu Ubaoni

Ngazi za kufika kituo cha walinzi, juu kwenye mdomo wa volkano, ni mia nne na ushei. Niliacha kuhesabu magoti yalipoanza kunilaumu. Wageni wengine walipanda kutazama moshi. Mimi nilipanda kumrudisha nyumbani kitinda mimba wangu, mwenye pumu tangu ananyonya, ambaye katika kazi zote za dunia hii alichagua kupima gesi ndani ya shimo la moto. Mjomba wake alikuwa amempatia nafasi ya ukarani. Barua nilikuwa nayo mkobani.

"Pumzika kwanza, mama," aliniambia, hata maji sijanywa. "Nashuka mara moja, nikirudi tutaongea." Akachukua barakoa yake, akanipa mgongo kidogo kando ya mlango, akatoka. Mvuke ukammeza.

Nikabaki peke yangu. Hewa ilinuka mayai viza. Ndani mlikuwa na meza, vitanda viwili, na majivu mpaka kwenye sukari. Mimi siwezi kukaa na uchafu nikiwa na mikono mizima, hata nichoke vipi. Nikafagia. Nikaenda kuosha vikombe nyuma ya kituo, nikarudi. Kando ya mlango palikuwa na ubao wenye mistari mitatu, majina ya utani na namba. Nikadhani wanaandika alama za karata. Nikaufuta. Mstari wa tatu ulikuwa umekandamizwa chaki hadi nikalazimika kulowesha tambara.

Saa nane mkuu wa zamu aliingia akihema. Zamu yake ilikuwa imeanza mchana huo, na alikuwa ametoka kuwasindikiza wageni getini. Akautazama ubao.

"Afadhali, wote wametoka. Upepo umegeuka, gesi inakuja njia ya chini. Chukua mkoba, mama, tuondoke."

"Wote akina nani? Binti yangu hajapanda."

"Ubao mtupu. Anayeshuka anaandika jina na saa, akipanda anafuta. Huko chini redio hazishiki."

Tambara lilikuwa bado mkononi mwangu. "Nimefuta mimi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta tusi lisilomvunjia mzazi heshima. Hakulipata. "Walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Usikisie tu, mama."

"Nimesugua mistari mitatu, baba. Wa tatu umeniumiza bega."

King'ora chao kilikuwa kimeliwa na gesi, hivyo akachukua baragumu la plastiki, akasimama ukingoni na kupuliza. Ukungu ukiwa mzito, sauti ndiyo njia. Hawaachi kupuliza mpaka hesabu itimie.

Wa kwanza kutokea alikuwa kijana mrefu wanayemwita Bata. Nyuma yake binti yangu, nyusi zimejaa majivu. Nilimshika mkono. Wangu nilikuwa nimempata. Nilitamani kukaa chini tu.

Mkuu wa zamu alishusha baragumu, midomo imemvimba. "Nyie mlimwona mwingine?"

"Hatukuona mtu," alisema Bata. "Labda mama kahesabu vibaya."

"Sijahesabu vibaya," nikasema. "Kuna mtoto wa mtu huko chini, na jina lake nimelifuta mimi. Puliza."

"Pumzi imekata, mama."

Binti yangu alilichukua baragumu. Akapuliza. Kile kifua nilichokipaka mafuta ya moto usiku kwa usiku, nikikitegea sikio kama redio mbovu, kilitoa mlio uliotikisa bati za kituo. Akavuta pumzi, akapuliza tena. Nilitaka kumwambia basi. Nikalikamua tambara. Sikumbuki ilichukua muda gani. Najua nilisimama mpaka mwisho, tambara mkononi.

Wa tatu alikuwa fundi wa vipimo, mwanamke mfupi aliyeshuka nyuma yao nilipokuwa nikiosha vikombe, amepanda kwa magoti na mikono. Aliingia moja kwa moja ubaoni kufuta jina lake, akashangaa.

"Nani kanitangulia?"

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kucheka, ila Bata.

Tulipoanza kushuka ngazi, binti yangu alinibebea mkoba.

"Ulikuwa na jambo, mama."

"Mjomba wako kakupatia kazi ya kukaa kwenye kiti. Nitamwambia ampe mwingine."

"Sawa, mama."

"Sawa nini? Umevuta dawa yako?"

Alinionyesha kopo la dawa ya pumu, akaivuta mbele yangu. Zilibaki ngazi mia tatu na kitu.