Koti la Mamlaka Husika

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi ofisini, saa nne asubuhi, nikijaza daftari la hatari za nchi kuachana na mafuta na kuhamia kwenye jua na upepo. Hiyo ndiyo kazi yangu hata nikiwa macho. Kanuni yake ni moja: kila hatari iwe na mwenyewe, yaani mtu wa kuibeba.

Mlango ukagongwa, ikaingia Hatari Namba Kumi na Nne. Ina kimo cha mbuzi, imevaa kandambili na imebeba begi.

"Shikamoo, Bwana Luseko," inasema. "Namtafuta mwenyewe wangu."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini nadhani hawakuwahi kutembelewa na hatari. Nikafungua daftari. Namba Kumi na Nne: upepo kukoma. Athari: wodi ya watoto njiti kukosa joto. Mwenyewe: Mamlaka Husika. Mwandiko ni wangu.

"Marahaba. Nenda kwa Mamlaka Husika."

"Nimezunguka wiki tatu. Kila ofisi inanielekeza ofisi nyingine. Nipeleke wewe."

Tukatoka, na korido ikawa kilima chenye mitambo ya upepo. Mapanga yote yamesimama. Upepo ameketi chini, amenyoosha miguu, anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee. Mbona hufanyi kazi?"

"Niko likizo. Niliomba ruhusa kwa Mamlaka Husika, sikujibiwa. Kukaa kimya si ndiyo kukubali?"

"Na betri za akiba?"

"Zinasubiri saini yake hukohuko. Ziko bandarini, zinacheza bao."

Mara nikasikia sauti ya dada yangu Atupele, muuguzi wa njiti, ikitoka ndani ya mtambo. Nikafungua kimlango cha chini, kumbe ndimo ilimo wodi. Watoto sita wamevaa soksi ndogo za sufu, na mashine za joto zimezima. Atupele amewabeba wawili kifuani, ndani ya khanga.

"Mdogo wangu, kifua ninacho kimoja tu. Hawa wanne niwaweke wapi?"

"Dada, hatari hiyo imeshaandikwa kwenye daftari."

"Haya, lete hilo daftari niwafunike."

Nilitamani ardhi ipasuke. Midomo ya wale wanne ilishaanza kubadilika rangi, nami nikaogopa sana, uoga ambao takwimu zangu hazijawahi kunitia.

Mwisho wa wodi kulikuwa na mlango ulioandikwa Mamlaka Husika. Nikaingia mbio, Hatari ikinifuata na kandambili zake. Ndani mlikuwa na meza, kiti, na koti mgongoni mwa kiti. Sisi watumishi tunajua: koti likiwa kitini, mwenyewe yupo kazini.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Ametoka kidogo," likajibu koti.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Hatari ikanusa kola. "Bwana Luseko, hili si la kwako?"

Lilikuwa langu. Kifungo cha pili nilikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu.

Sikubishana. Nikalinyakua, nikarudi wodini, nikawafunika wale wanne, wakaenea wote. "Afadhali," akasema Atupele, na kwa dada yangu hiyo ni sifa kubwa. Kisha nikafuta Mamlaka Husika kwenye daftari, nikaandika jina langu kamili.

Hatari ikavua kandambili, ikanipanda mgongoni. Ni nzito kama gunia la mahindi.

"Ahsante," ikasema. "Leo ndiyo nimefika kwetu."

Nje, Upepo akaweka kikombe chini akaanza kujinyoosha.

Nikaamka kumekucha, mgongo unaniuma. Koti langu, ambalo tangu mwaka juzi sijalitoa kitini ofisini, lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wa mlango wa chumbani. Nikatia mkono mfukoni. Mlikuwa na soksi moja ya sufu, ndogo kama kidole gumba changu, bado ina joto.