Shati la Jumamosi

Baba yangu, fundi viatu, alichukuliwa na askari kwa sababu ya kucheka. Mkuu wa nchi alikuwa akihutubia redioni kuhusu njaa ambayo, alisema, haipo, na baba akaangua kicheko mbele ya wateja. Kuna mtu akapeleka maneno. Tangu hapo majirani wakitukuta njiani hukumbuka ghafla kitu walichosahau nyumbani.

Mama akaanguka kitandani. Akisimama tu, moyo ulimwenda mbio. Mimi, kifungua mimba, nikaacha shule nikaenda kupiga pasi kwa dobi. Pasi yenyewe ya makaa, na nguo zenyewe sare za askari. Ndiyo, wale wale. Nilizinyoosha kwa hasira mpaka zikanyooka kuliko wenyewe, maana wadogo zangu walikula kwa hizo.

Kila Jumamosi nilipeleka shati gerezani. Kumwona mfungwa hakuruhusiwi, kuuliza habari zake ni kosa. Unaingiza shati safi dirishani, unarudishiwa chafu la wiki iliyopita. Mama alilipokea lile chafu, akanusa kola, ndipo akakubali kula. "Yupo," alisema. "Jasho lake lile lile, mzee wa watu."

Jumamosi moja nikarudishiwa shati na nikajua kabla sijalifungua. Mimi hukunja mkono wa kushoto juu ya wa kulia, kisha nafunga kifungo cha juu peke yake. Lilikuwa vile vile lilivyotoka mikononi mwangu.

"Hili halijavaliwa," nikamwambia askari wa dirishani.

"Unauliza?"

"Siulizi, afande. Nasema tu."

"Kasemee kwenu. Anayefuata."

Wanawake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakatazama chini. Hakuna aliyenipa pole. Siku zile hata pole ilitaka kibali.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa dobi, nikalivaa lile shati ndani ya gauni, nikapiga pasi mchana kutwa jasho likinichuruzika mgongoni. Nililia pia, lakini kwa uangalifu, machozi yasidondokee sare nikakatwa mshahara. Sikuwa na wa kumwambia. Dobi aliogopa hata kivuli chake, na wadogo zangu hawakuwa na kifua cha kuficha jambo. Baba yangu amekufa, na niliyejua pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Jioni nikalivua shati chooni, nikalifinyangafinyanga, nikampelekea mama.

Akanusa kola. Akanusa tena.

"Mbona leo ananuka moshi?"

Nilifikiria jasho, sikufikiria makaa.

Mama akanitazama, halafu taratibu akaanza kutabasamu. "Wamempa kazi ya pasi. Baba yako huyu, ambaye hata leso hajawahi kuinyoosha." Akacheka mpaka akajishika kifua, kisha akajiinua, akaketi, akaomba sahani yake. "Akirudi utamfundisha vizuri, eti?"

"Nitamfundisha, mama."

Alikula akamaliza. Jumamosi iliyofuata nikapeleka shati jingine, na askari akalipokea bila kunitazama. Nililorudishiwa, likiwa limekunjwa kama nilivyolikunja, nikalivaa nilipofika kwa dobi. Kisha nikainamia pasi, nikapuliza makaa mpaka moshi ukanijaa machoni.