Vidole Vinne

"Hukukosea, Mama. Ulifanya makusudi," Minori alisema. "Mtu aliyekunja mapindo ya jinzi miaka ishirini na miwili hakosei."

"Kosa silioni," Yoriko alimjibu, macho yake yakiwa kwenye uzi aliokuwa anautunga kwenye cherehani. "Simama sawasawa. Pindo limegusa kisigino na haliburutiki. Ndivyo linavyotakiwa."

"Nikiwa nimesimama, ndiyo. Unamjua mtu anayeendesha pikipiki amesimama?"

"Wale wa sarakasi," alisema Bibi Fusae, mama mkwe wa Yoriko, aliyekaa kizingitini mwa banda la kazi akimenya chungwa. Hakuna aliyecheka, naye hakujali.

Minori alitoka uani, akaipanda pikipiki yake, akakunja miguu na kuiweka kwenye vikanyagio. "Basi njoo uone mwenyewe," aliita.

Yoriko hakwenda. Alitazama kupitia dirishani, na kutoka hapo aliona vya kutosha. Pindo lilikuwa limepanda hadi katikati ya muundi, lakini hilo halikumtia hofu. Kilichomtia hofu ni ile kinga ya goti. Ndani ya kila mguu wa jinzi ile kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kinga ngumu ya ukubwa wa kiganja. Minori alipokuwa amesimama, uvimbe wake ulilifunika goti kabisa. Sasa amekaa, kitambaa kimevutwa, na uvimbe umehamia pajani. Goti lenyewe lilikuwa limechomoza chini yake, halina kitu ila kitambaa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa tatu wenzake Minori wangekutana kwenye maegesho yaliyo karibu na daraja, wavuke bahari kwa daraja hilo kwenda mkoa wa Kagawa kula tambi. Wote walikuwa watu wenye kazi zao. Yupo mwalimu, yupo mke wa mwoka mikate, na Minori mwenyewe alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, ana miaka ishirini na sita. Hakuna mhuni hata mmoja. Yoriko alijua hayo yote, na hayakumsaidia. Tangu alfajiri alikuwa ameangalia upepo wa darajani kwenye simu mara saba. Ukizidi, pikipiki huzuiwa kupita. Haukuzidi. Kila alipoangalia ulikuwa umepungua kidogo.

Minori alirudi ndani, mashavu yamewaka. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mfuko ulikuja na mkanda wa kunata, ningeweza kuushusha mwenyewe. Wewe ukaufumua, ukaushona moja kwa moja."

"Ulilalamika unakukwaruza ngozi."

"Nililalamika unanikwaruza. Sikusema uuweke pajani. Nilikwambia mara mbili, Mama, twende uani unipime nikiwa juu ya pikipiki. Kwa nini hukuja?"

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Alhamisi? Alhamisi ulianika mashuka."

"Aliyaanika kule nyuma ya choo," Bibi Fusae alisema. "Siku hizi anazunguka nyumba nzima asipite karibu na hilo dude. Mtu atadhani linauma."

"Mama, kula chungwa lako," Yoriko alimwambia.

"Ninakula. Mdomo wangu unaweza kazi mbili."

Yoriko alitamani kukasirika, kwa maana hasira angejua la kuifanyia. Lakini lililomshika lilikuwa jingine. Alimpima mtoto wake hapa hapa ndani, amesimama juu ya mkeka bila viatu, kama alivyowapima maelfu ya wateja. Mkono ulikwenda wenyewe. Hayo angeweza kumwambia mtu yeyote wa Kojima, mji wao wa washona jinzi, na angeeleweka. Ila mwezi wa nne, kiwandani anakofanya kazi, aliletewa jinzi ya mwendesha pikipiki aitie kiraka. Aliigeuza ndani nje. Kinga ilikuwa safi, haina hata mchubuko. Vidole vinne chini yake kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na kingo za tundu zilikuwa ngumu kwa damu iliyofuliwa isitoke. Mwenyewe alikuja kuichukua kwa magongo, akashukuru sana, akainama mpaka gongo moja likamwanguka.

Kwa hiyo alijua. Alijua kabla ya kukamata chaki.

Tena dukani, walipokwenda kuinunua jinzi hii, yeye ndiye aliyejifanya mjuzi. Minori alitaka ile nyembamba ya kubana, na Yoriko akaipindua juu ya meza mbele ya muuzaji, akahesabu mishono, akavuta bitana ya manjano ya nyuzi ngumu kuona inafika wapi. Alitia mkono ndani ya mguu, akaisukuma kinga pembeni kwa kidole kimoja. Akasema hii pana mno, ukianguka kinga itakimbilia ubavuni. Akasema ile nayo inabana, hutaweza kukunja mguu. Muuzaji alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Walitoka na ya tatu, nzito, ya buluu iliyokolea, nzuri kuliko zote, na njiani Minori alimshika mama yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule ya kati. Kisha Yoriko akaja nayo nyumbani, akaiharibu.

Makusudi? Alijiuliza. Hakukaa chini akapanga. Lakini alikuwa amejiambia kwamba jinzi isipomkaa vizuri, Minori ataahirisha. Hilo alilikumbuka. Lilipita kichwani akiwa anakata uzi, na hakulifukuza.

"Basi," Minori alisema, akaanza kufungua kifungo cha kiuno. "Nitavaa ile yangu ya kila siku."

"Ile iliyochanika magotini?"

"Ndiyo mtindo wake."

"Utavuka bahari kwa mwendo huo na magoti nje?"

"Kuna tofauti gani na hii? Angalau ile sitajidanganya kwamba nimejikinga."

Njia moja ilikuwa hapo, rahisi. Angeweza kusema kazi hii ni ya mpaka jioni, kufumua bitana si mchezo, na wenzako wasikungoje, mtakwenda mwezi ujao. Minori hajui cherehani, angeamini. Au asingeamini, angevaa ile iliyotoboka kwa hasira, na mtu mwenye hasira hupinda kona vibaya. Na akikubali kubaki, mwezi ujao utafika, na wa baada yake, na kila mwezi mama mtu atahitaji uongo mpya.

Aliangalia simu. Upepo ulikuwa umeshuka tena.

"Usiivue," alisema.

Alichukua chaki ya fundi na kile kisu kidogo cha kufumulia, akavaa kandambili, akatoka uani. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, akasimama kando yake. Ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana dirishani, na ilinuka mafuta na mpira mpya.

"Panda," alimwambia Minori, aliyekuwa amemfuata. "Kaa kama unavyokaa barabarani. Usinifanyie adabu, inama kabisa."

Minori alipanda. Yoriko alipiga magoti kwenye kokoto, akalipapasa goti la mwanawe mpaka akaupata mfupa, akachora mstari juu yake na mwingine chini yake. Alizunguka upande wa pili, akachora vilevile. Alipima kwa vidole toka alipochora hadi kinga ilipokuwa. Vinne.

"Nilikosea," alisema, bado yuko chini. "Nilijua, na nikakosea hivyo hivyo. Usiniulize zaidi ya hapo."

Minori alimtazama kwa juu. "Sikuulizi."

"Waambie wenzako utachelewa robo saa. Na hizo raba unazivua. Pindo siwezi kulirefusha leo, kwa hiyo utavaa buti ndefu."

"Buti zinachoma miguu, Mama."

"Zichome."

Bibi Fusae aliwapisha kizingitini. Minori aliivua jinzi, akasimama na taulo kiunoni akiandika ujumbe kwenye simu. Yoriko aliipindua, akaingiza ncha ya kisu chini ya mshono wake mwenyewe na kuufumua, nyuzi zikitoka moja moja kwa sababu aliushona vizuri. Alishusha mfuko wa kushoto hadi kwenye chaki, akaushona mara tatu, akashusha wa kulia. Alifunga uzi kwenye kona ya mwisho, akaukata.

Saa tatu kasoro dakika tano Minori alikuwa juu ya pikipiki tena, buti miguuni, helmeti kichwani. Yoriko alitoka na mkasi mkubwa wa kazi, akaushika kinyume, akaligonga goti la kushoto kwa mpini, kwa nguvu. Sauti ilikuwa ya kitu kigumu.

"Umesikia maumivu?"

"Hapana."

Aligonga la kulia. "Hapa?"

"Hapana, Mama."

Yoriko alikwenda getini, akavuta komeo, akalisukuma geti mpaka mwisho.