Jina Chini ya Mstari

Pale dukani walimwita Mama Pindo, na jina lilimkaa. Kila bango lililotoka kwenye mashine ya kuchapa lilipita mikononi mwake. Alikunja kingo, akabandika utepe wa gundi, akapitisha hewa ya moto, akakandamiza kwa rola, kisha akatoboa matundu na kugonga pete za kufungia kamba. Bango lisilo na pindo, alizoea kuwaambia wateja wabahili, upepo unalirarua kabla hujafika nyumbani.

Asubuhi ile bango la mezani lilikuwa la baba yake mzazi. Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri. Kaka yake mkubwa, wa mama mwingine, ndiye aliyeileta kazi pale, tena makusudi. "Si ndugu yetu yupo? Watatupunguzia." Leo ndugu! Miezi minane mzee alipokuwa hajiwezi, Mama Pindo akimwogesha na kumlisha kwa kijiko, undugu ulikuwa umekwenda wapi?

Akalitandaza. Juu kabisa, picha ya baba akicheka. Chini yake: "Ameacha watoto saba." Majina sita yalifuata, makubwa, yenye afya. La saba lilikuwa lake, limetupwa ukingoni kabisa kwa herufi ndogo kama kucha, chini ya ule mstari mwembamba unaoonyesha pa kukunjia. Kila kilicho chini ya mstari ule huingia ndani ya pindo, hugandishwa humo na hakionekani tena. Ni kosa la kila siku kwa wanaoanza kazi. Namba ngapi za simu zimemezwa na pindo!

"Wewe umelala?" alimfokea mchapaji. "Jina langu umeliweka kwenye pindo!"

Mchapaji akakuna kichwa. "Mama, nilimwambia kaka yako. Mstari nilimwonyesha. Nikamwambia nilipandishe, nafasi ipo. Akasema liache hapo hapo, watu wa kwenu wakiuliza atawajibu kwamba liliandikwa."

Mama Pindo alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Hakuuliza sababu. Mama yake hakuolewa na mzee, basi, na kosa hilo la wakubwa wawili alikuwa amelibeba yeye tangu azaliwe. Wanasema hasira hasara. Haya, na iwe hasara!

Kaka aliingia amevaa suti nyeusi, simu sikioni. "Bado tu? Watu wananisubiri."

"Njoo ushike hapa."

"Nishike nini?"

"Jina langu. Mkono wangu haulikunji. Umetaka lipotee, lipoteze mwenyewe."

Kaka aliwatupia jicho wateja wawili waliokaa kwenye benchi, mama wa saluni na dereva wa lori. "Usianze mambo yako. Siku ya msiba watu wanasitiriana."

"Baba nilimsitiri mimi! Nikimbadilisha shuka mlikuwa wapi, ninyi wa kusitiriana?"

Kiburi si maungwana. Kaka aliweka simu chini, akaukunja ukingo na kuukandamiza kwa kiganja. Alipoachia, plastiki ilifumuka, jina likatoka. Akakunja tena, safari hii kwa viwiko, likatoka tena. Mara ya tatu akaukalia, suti na yote. Alipoinuka pindo nalo likainuka nyuma yake, na mama wa saluni akaziba mdomo kwa kanga asicheke hadharani.

Jasho lilimtoka. Akamsogelea Mama Pindo, sauti chini kabisa. "Mdogo wangu, nisaidie."

Mdogo wangu! Miaka arobaini na miwili hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa "yule," akizidi sana "yule wa kule." Alikuwa amelitamani neno hilo tangu utotoni, akiwasikia wale sita wakiitana uani naye amesimama mlangoni. Sasa ameletewa, na ameletewa ili asaidie kujifuta.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti, hawa wakusikie. Ukirudia nakupindia bango zima sasa hivi. Jina lizame humo humo na sitakudai chochote, leo wala kesho."

Hata mchapaji aliizima mashine. Kaka alifungua mdomo. Akamtazama dereva, akamtazama mama wa saluni, akaufunga.

"Nitalipeleka hivi hivi," alisema, akaanza kuliviringisha.

"Lipeleke."

Mchapaji, kwa mazoea tu, akashika upande wa pili. Bango huviringishwa maandishi yakiwa nje, rangi isije ikachubuka. Walianzia juu, kwenye picha ya marehemu, wakashuka kwa majina yale sita, wakafunga kwa mpira. Kaka alilipachika kwapani, akatoka bila kuaga wala kuangalia ni nini kilichobaki nje.

Mama Pindo akasogea mlangoni. Fundi viatu wa jirani, anayemjua kwa jina lake la kuzaliwa, alisoma kile kilichopita mbele yake, akageuka kumtazama. Muuza magazeti naye akasoma, na waliokuwa wakinunua wakasoma. Kaka alikwenda hivyo mtaa mzima, jina la mdogo wake likionekana chini ya mkono wake, na Mama Pindo hakumwita.