Barua ya Hugues ya Kuachwa

Kanuni mpya ya ligi ina mistari minne. Inasema kwamba kuanzia msimu ujao jumla ya mishahara ya wachezaji wa klabu isizidi pauni mia tisa kwa wiki, na orodha iwasilishwe kabla ya tarehe thelathini Juni. Gharama nyingine, yaani basi, uwanja na usafi, hazihesabiwi.

Orodha yetu ilisimama kwenye mia nane na sabini. Kocha Navdeep alimtaka Ngugi, mshambuliaji aliyekuwa amefunga mabao ishirini na mawili kwingineko, naye Ngugi alitaka sitini na tano. Tungezidi kwa thelathini na tano. Hugues Bahati, beki wa kati mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, alikuwa akilipwa thelathini na tano. Navdeep hakuhitaji kikokotoo.

Mimi ndiye mhasibu wa klabu. Kabla ya kufuta jina la mtu, huwa narudi kwenye hati ya kwanza, na hati yetu ya kwanza ni daftari la marehemu mjomba wangu Mohamednoor, aliyeianzisha klabu mwaka 2013 kwa seti moja ya jezi za kijani. Sikuwa nimelifungua kwa miaka mingi. Kurasa zake bado zina alama za duara za vikombe vyake vya chai.

Msimu ule hakuna aliyelipwa kucheza. Walikuja kwa basi au kwa miguu, Wakongo kutoka mtaa wa Winson Green, Wasomali wa Kenya kutoka ule wa Balsall Heath, wakibishana njia nzima. Hugues alikuwa amepanga chumba katika barabara inayopakana na ukuta wa gereza. Kila Jumapili alizifua jezi kumi na nne ndani ya bafu, akazitandaza juu ya milango, ngazi na radieta za kupashia nyumba joto. Jumamosi iliyofuata timu nzima iliingia uwanjani ikinuka sabuni ya unga na vitunguu vya mama mwenye nyumba. Harufu hiyo haimo daftarini, lakini naikumbuka kuliko matokeo.

Mjomba aliandika: "Hugues, kufua jezi, 15." Wiki baada ya wiki, ukurasa baada ya ukurasa.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 2015, wachezaji wa kwanza walipoanza kulipwa, nililihamishia daftari kwenye kompyuta, na kila aliyepokea pesa nikamweka kwenye safu ya mishahara. Hugues akawa mchezaji wa kulipwa kwa sababu nilikuwa na haraka. Malipo yake yalipanda pamoja na ya wenzake, naye akaendelea kufua.

Kwa hiyo suluhisho lilikuwapo. Angetia sahihi kwamba pesa zake ni za kufua, zingehamia kwenye gharama za usafi, na yeye angeendelea kucheza bila mshahara. Nilimwita Jumanne mchana, ofisini kwetu mtaa wa Aston, juu ya duka la matairi.

"Dada Abshiro," alisema akikaa, "hii ofisi iko na joto! Munachoma mandazi humu?"

"Kaka Hugues, nina habari njema. Unabaki."

"Njo vile nilimwambia Navdeep. Huyu Ngugi anafunga magoli, sawa, lakini nani atamufundisha kuheshimu wakubwa?"

Nilimsogezea daftari na fomu. Alisoma kidole kikiwa chini ya kila neno, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hii ni ya nini?"

"Hukuwahi kulipwa kucheza. Ulilipwa kufua. Aliyekosea orodha ni mimi."

"Miaka kumi na mbili?"

"Maandishi yako wazi."

Alicheka, kisha akaacha. "Mama yangu kule Uvira anajua miye ni mchezaji wa kulipwa. Padri alitangaza kanisani. Watu walipiga makofi, dada! Mpaka leo wanamuita mama ya professionnel."

"Hakuna atakayeiona fomu hii."

"Miye nimeiona." Akaisukuma kuelekea kwangu. "Jezi nilifua sababu nilikuwa kapiteni. Kama ingekuwa kazi, ningeomba pesa ya maana."

"Usiposaini, huchezi tena hapa."

"Nimesikia. Niko na miaka makumi tatu na kenda, goti linajua." Alionyesha dirishani, lilipo paa la uwanja wa klabu kubwa ya jirani. "Hata wale wa pale, kila Juni kuko wenye wanaachwa. Mchezaji anaachwa, anapewa barua. Miye pia unipe barua."

Nilikuwa na hati mbili zinazopingana: daftari, na orodha niliyoitilia sahihi mwenyewe kwa miaka kumi. Katika hali hiyo mhasibu huisahihisha ya pili. Sikuisahihisha. Nilichapa: "Hugues Bahati, mchezaji wa kulipwa wa klabu hii kuanzia 2013 hadi 2025, ameachwa kwa sababu ya kikomo cha mishahara."

Aliisoma mara mbili.

"Piga muhuri, dada. Padri anapenda muhuri."

Nikaupiga. Alisubiri wino ukauke, kisha akaikunja barua na kuiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Tangu Agosti jezi zinapelekwa kwa dobi mmoja wa Balsall Heath. Anatutoza pauni hamsini kwa wiki, nazo, kama kanuni inavyosema, hazihesabiwi. Zinarudi zimekunjwa vizuri ndani ya nailoni, na hazinuki kitu chochote.