Harufu Ndani ya Landrova

Gereji za Kinoru, mjini Meru, zilikuwa nyingi, lakini gari likinuka lilipelekwa kwa Njiru. Hakuwa mtu wa maswali. Alifungua boneti, akainama, akavuta pumzi, kisha akasema. Harufu tamutamu ni maji ya rejeta yenye dawa, yanavuja juu ya injini moto. Harufu ya karatasi inayoungua ni klachi, na mwenye gari aache kuweka mguu juu ya pedali kila akipanda mlima. Ikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika jikoni, basi oili inadondokea ekzosi. Watu walimtania kwamba pua yake ingeajiriwa na polisi, naye alicheka, maana sifa haimchoshi mtu.

Asubuhi ile ya mwaka 1994 pua hiyo haikumfaa kitu. Alikuwa akiendesha Landrova ya dizeli aliyoiazima kanisani, na nyuma, kati ya mabenchi mawili, lilikuwa jeneza la mdogo wake Ireri. Walikuwa wakimpeleka kijijini kwao, Kiritiri, kuzikwa. Mbele, karibu naye, alikaa mama yao Ciakuthii, na upande wa mlango dada yao Mukami. Baba yao mdogo, Mbaka, alikaa nyuma na vijana wa kubeba jeneza.

Ciakuthii hakuwa amemwona Ireri tangu Krismasi. Kijana alipougua, Njiru alimtumia mama salamu kwamba ni malaria tu, asijisumbue kusafiri. Na kule mochari, Meru, waliingia wanaume peke yao. Mama aliambiwa asubiri nje, uso wa mwanawe atauona nyumbani, jeneza likifunguliwa uani. Akakubali, akasubiri. Hakuwa ameomba kitu kingine.

Walipokaribia Chuka, harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya yai viza. Ilikuja kidogo, ikapotea, ikarudi na safari hii ikakaa. Kwao, gari likibeba maiti harufu haitajwi, maana kuitaja ni kumtukana marehemu mbele ya mama yake. Mukami alishusha kioo polepole kama mtu anayetazama migomba ya watu. Njiru alikaza macho barabarani huku aibu ikimpanda. Moyoni alimlalamikia mdogo wake, kwamba hata nyumbani hawajafika, jamani, na ameshaanza kuharibika.

Mjini Chuka walisimama kidogo vijana wajisaidie. Mbaka akamvuta Njiru pembeni akamwambia kwamba jeneza lisifunguliwe kabisa. Maneno kwamba kijana alikufa kwa ukimwi yalikuwa yamewatangulia kijijini, na harufu hiyo ingeyapa miguu zaidi. Njiru akaitikia. Aliporudi kwenye usukani alimwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba watamzika bila kumfungua. Sababu hakuitaja. Alifungua kitambaa chake cha kichwani akakifunga upya. Njiru alimwona, lakini akatia gia wakaenda.

Waliteremka hadi mto Thuci, wakaanza kupanda zile kona za upande wa Embu. Injini ikanguruma, na kadiri ilivyonguruma ndivyo harufu ilivyozidi, mpaka macho yakawasha. Ndipo Mukami alipoinua upindo wa sketi yake nyeusi.

"Njiru, nguo yangu inaliwa," alisema.

Njiru akatupa jicho. Upindo ulikuwa umejaa vishimo, na uzi ulikatika ukiguswa. Hapo akili ikamrudia. Maiti haili nguo ya mtu aliyekaa kiti cha mbele. Aliegesha gari kando, akawashusha wote, akainua kiti cha Mukami. Chini yake betri ilikuwa moto kama sufuria, inatokota na kutema povu la asidi. Mbaka alikuwa amewasha sigara kuua ile harufu; Njiru akamnyang'anya, heshima baadaye, kwa sababu mvuke ule ukiona moto hulipuka.

Regyuleta, kidhibiti cha chaji, ilikuwa imekwama, na dainamo ilikuwa ikiishindilia betri chaji bila kukoma. Alichomoa waya wa dainamo, akauzungushia kipande cha mpira wa chubu usiguse bati, akaacha milango wazi. Injini ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme, ingewafikisha nyumbani bila chaji, na taa hazikuhitajika mchana. Upepo ukapita ndani ya gari na harufu ikaisha.

"Ni betri," Njiru akasema, machozi yakimtiririka waziwazi. "Mama, haikuwa Ireri. Tutamfungua."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, kama watu walioachiliwa. Mbaka akarudia kwamba alijua, alijua tu, ingawa hakujua lolote. Ciakuthii peke yake alibaki ameketi kwenye nyasi za kando ya barabara, na uso wake haukulegea.

"Na kama ingekuwa ni yeye?" akauliza.

Njiru akageuka kukirudisha kiti cha Mukami.

"Nimemzaa. Nimemwosha uchafu wote wa utoto, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Mlifikiri nitamkimbia mtoto wangu kwa harufu?"

Njiru akaikumbuka ile malaria aliyoibuni, na mlango wa mochari uliofungwa mbele ya mama. Siku zote hizo alidhani anamkinga mama. Kumbe aliyeogopa ni yeye mwenyewe.

"Usingoje nyumbani," mama akasema. "Fungua hapa."

Mbaka akataka kupinga, akaangalia uso wa shemeji yake, akasogea pembeni. Njiru akachukua bisibisi, akazifungua skrubu moja moja, akainua kifuniko. Na kilipoinuka, ni yeye aliyegeuza uso. Mama yake alipanda garini, akapiga magoti, akamshika Ireri shavu, akamwambia kwamba wamekaribia kufika.